Kuoga, Kuogelea na Kuzamia

Kitenzi "kuogelea" kimezaliwa na "kuoga" baada ya kuongezewa viambishi vya kutendea, yaani vipande vinavyotiwa mwishoni mwa shina ili kuonyesha mahali au kusudi la tendo, hivi kwamba Mswahili anayekata mawimbi huwa, kisarufi, hajatoka mbali na bafuni. Undugu huo haumdhuru mtu mpaka pale mwanafunzi anapoandika kwa Kiingereza kwamba wakati wa likizo alikwenda Bahari ya Hindi ku-"bathe", naye mwalimu akalizungushia neno hilo wino mwekundu na kuuliza pembeni kama alibeba sabuni.

Wino huo una uonevu ndani yake. Waingereza wamelitumia neno hilohilo kwa kuogelea baharini tangu zamani, na vazi la shughuli hiyo wakaliita "bathing costume", yaani vazi la kuogea. Wamarekani nao, ambao kwao kitenzi hicho hurudi haraka kwenye beseni, huvaa "bathing suit" bila kuona ajabu yoyote.

Kwa upande wake, "swim" ni neno lisilotulia majini. Kwa Kiingereza nyama iliyozidiwa na mchuzi huogelea, macho yaliyojaa machozi huogelea, na hata kichwa cha mwenye kizunguzungu huogelea, ilhali kwa Kiswahili kichwa hicho huzunguka tu, kama jina la maradhi yenyewe linavyosema. Ndiyo maana mgonjwa anayeulizwa na daktari mgeni kama kichwa chake kinaogelea anaweza kuapa kwamba tangu Idi Mosi hajakanyaga pwani. Neno "float", yaani kuelea, limeshahamia kwa mawakala wa pesa za simu likaitwa floti, nayo ni salio la kwenye simu ambalo wakala humhamishia mteja anayeweka pesa. Floti ikiisha, droo ya wakala huwa imefura noti, mteja naye amekunja noti zake kiganjani, na bado huambiwa arudi jioni.

Kiswahili nacho kina mitego yake, na mkubwa umetegwa kwa kiambishi kilekile cha kutendea, kwa kuwa "kuzama" kukiongezewa hicho hupatikana "kuzamia", ambako ni kupiga mbizi kutafuta kitu chini ya maji, lakini mitaani na bandarini ni kujificha melini ili kuingia nchi ya watu bila hati. Mtalii aliyebeba miwani ya majini na mtungi wa hewa, akaulizwa na afisa wa uhamiaji amekuja kufanya nini, hujibu kwa fahari ya mtu aliyejifunza lugha kwa bidii kwamba yeye ni mzamiaji, tena wa miaka mingi.