Mwongozo wa Kusubiri, kwa Anayekuja Nyanza-Lac Kutafuta Funzo

Umekuja Nyanza-Lac, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kutafuta funzo la maisha? Karibu, umefika penyewe. Mafunzo yapo tele, ila yamo ndani ya kazi, na sehemu kubwa ya kazi za mwambao huu ni kusubiri. Kwa hiyo jifunze kwanza kusubiri.

Usianze na mvuvi anayetoka ziwani alfajiri. Amekesha, nguo zimelowa, na pembeni yake kuna mama mwenye beseni anayetaka bei kabla jua halijapanda. Ukimuuliza saa hiyo maisha yamemfunza nini, atakutazama tu, na atakuwa na haki. Msalimie, shika kamba, vuta mtumbwi pamoja na wenzako. Maswali yasubiri mpaka ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili, wote wauzwe.

Kisha angalia mwezi. Ndagala huvuliwa gizani kwa taa: zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga, samaki hawaifuati taa yako, na mitumbwi hupumzika karibu wiki nzima. Mgeni akipita mwaloni siku hizo husema watu wamekaa bure. Wewe sogea. Mmoja ameubana wavu kwa kidole gumba cha mguu, anaziba tundu kwa sindano ya mti, jicho kwa jicho, bila kuangalia sana mikono yake. Mwenzake anaziba mtumbwi unaovuja. Wa tatu anazunguka kudai madeni. Hakuna anayeulalamikia mwezi, kwa sababu kila mmoja anajua ni usiku gani giza litarudi. Huku ni kusubiri kwenye mwisho unaojulikana na kazi ya mikono. Kukumbuke, utakuhitaji mbele.

Mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, nenda mwalo wa Mvugo kwa wanawake wanaoanika ndagala. Zamani ndagala walitandazwa mchangani, wakakauka kwa siku 3 hivi, wakila mchanga na wakiliwa na kuku. FAO ilipoleta vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kama mita 1 kutoka chini, kazi ikawa ya saa 8 jua likiwaka. Omba ruhusa ya kugeuza samaki. Utafundishwa kupitisha viganja chini kwa chini bila kuwavunja vichwa, na utafundishwa kutazama milima ya mashariki, maana wingu likitokea huko hakuna anayemngoja mwingine: turubai linatandazwa, mazungumzo yanakatika katikati ya jina la mtu. Kwa maoni yangu hakuna chuo kinachofundisha uangalifu kuliko kichanja mwezi wa Aprili.

Kuna kusubiri kwingine kugumu zaidi. Nchi 4 za ziwa hili, yaani Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zina chombo chao cha pamoja, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, chenye makao Bujumbura, na zilikubaliana kulipumzisha ziwa miezi 3 kwa mwaka ili samaki wazaliane. Tanzania ilifunga upande wake tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Naunga mkono kabisa. Samaki wamepungua, na kila mzee wa mwaloni anakiri hivyo. Lakini ukitaka kujifunza kitu, usikae na afisa peke yake. Kaa pia na kijana asiye na shamba. Mwenye mihogo anasubiri akila, kijana huyo anasubiri akikopa. Tarehe ya mwisho wote wanaijua, tofauti yao ni kitu cha kufanya kabla ya tarehe hiyo.

Sasa njoo kwenye kusubiri kwa kambi za wakimbizi, na hapa nakuomba uende taratibu. Nyumba nyingi za Nyanza-Lac na Rumonge zina mtu aliyekuwa mkimbizi. Uasi uliozuka mwambao huu tarehe 29 Aprili 1972, na mauaji ya jeshi yaliyofuata, viliwavusha watu wengi kwenda Tanzania. Wengine walikimbia vita vya 1993, wengine machafuko ya 2015. Usimwambie yeyote kati yao kwamba shida ilimkomaza. Muulize alifanya kazi gani huko. Waliopelekwa Katumba, Ulyankulu na Mishamo walipewa mashamba, wakalima mpaka wakajilisha wenyewe bila posho. Waliokaa Nyarugusu na Nduta walizuiwa kutoka nje ya kilomita 4 bila kibali. Wakakaa chini ya shitingi wakingoja siku ya mgao, na mwisho wa kungoja huko haukuwa na tarehe. Watu ni walewale, Warundi wa mwambao uleule. Kilichowatenga ni ardhi na ruhusa ya kufanya kazi. Funzo hilo nataka ulibebe, na ukikutana na mtu anayesema wakimbizi ni wavivu, mweleze habari za Katumba.

Hata Nyarugusu watu walikataa kukaa mikono mitupu. Walishona, walinyoa, walitengeneza redio, walifundisha watoto. Ukinyolewa leo sokoni kwetu, muulize kinyozi ufundi aliupata wapi. Usishangae akitaja zoni na namba ya kijiji cha kambini.

Mwisho, pika mawese. Mikungu ya chikichi ikikatwa huachwa siku kadhaa mpaka tunda liachie lenyewe. Ukilazimisha unaumiza vidole na kupata mafuta kidogo. Chemsha, kamua, kisha rudisha mafuta motoni. Yanarukaruka maadamu yana maji. Yakinyamaza, epua.

Na ukipenda kazi hiyo ukaamua kupanda michikichi yako, usiguse jembe kwanza. Wakimbizi wa 1972 waliporudi, wengi walikuta wenzao wanalima mashamba ya baba zao, na Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006, ilishughulika na kesi hizo miaka mingi. Mchikichi huchukua miaka 3 au 4 kuanza kuzaa, na mgogoro wa mpaka unaweza kuzuka wakati huohuo. Nenda kwa jirani, waite bashingantahe, yaani wazee wasuluhishi wa kilima, tembeeni mpaka wote kwa miguu, wekeni alama, kila mmoja atie sahihi. Hapo ndipo uchimbe shimo la kwanza.