Taarifa kwa Jamaa Walioko Tanga kuhusu Mwalimu wa Kemia wa Kitengela

Ughaibuni, kwa maana inayotumika katika taarifa hii, ni Kitengela, mji wa Kaunti ya Kajiado nchini Kenya ulio kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kando ya barabara kuu iendayo Namanga na hatimaye Arusha. Jamaa walioko Tanga wamekuwa wakishikilia kwamba mahali panapofikika kwa basi hapastahili jina hilo, lakini hoja yao inasahau kwamba mhamiaji huwa mgeni kamili siku anapolazimika kuelezwa upya jambo alilodhani analijua tangu zamani, kama vile namna ya kumtafutia mtoto wa kidato cha tatu mwalimu wa ziada wa kemia. Kwa kuwa mjomba ameuliza katika kundi la ukoo, tena kwa ujumbe wa sauti mrefu, ni kwa nini binti aliyerithi akili za upande wa mama yake anahitaji mwalimu wa kulipwa, maelezo yanatolewa hapa kwa utaratibu, ili yasikilizwe na wote na yasirudiwe.

Mtihani wa mwisho wa shule ya upili nchini Kenya huitwa KCSE kwa ufupisho, husimamiwa na Baraza la Mitihani la Kenya, yaani KNEC, na ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Kidato cha tano hakipo wala cha sita, kwa hiyo jamaa wanaoendelea kuuliza kama binti atachukua mchepuo wa PCB au wa PCM wanaombwa, kwa heshima zote, waache. Kemia ina karatasi tatu: mbili za nadharia, zenye alama 80 kila moja, na ya tatu ya vitendo, yenye alama 40, ambamo mtahiniwa hupewa chupa, unga usio na jina na muda wa saa mbili na robo. Mfumo wa 8-4-4, ambao ndio unaozaa mtihani huu, unamalizika na watahiniwa wa mwaka 2027. Vidato vya kwanza na vya pili vimekwisha kutoweka, na mahali pao pamekaliwa na Gredi ya 10 ya mtaala mpya, hivi kwamba binti na wenzake ndio mkia wa msafara, na anayeanguka hana darasa la nyuma la kumdaka. Hofu hiyo ndiyo mtaji wa biashara yote itakayoelezwa.

Biashara yenyewe hufanyika kwenye nguzo za stima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 37, inakataza mwanafunzi wa shule kutiwa katika masomo ya ziada wakati wa likizo, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Lakini wazazi wa Kitengela, ambao ni mahiri katika ufasiri wa sheria, wamekubaliana kimyakimya kwamba sebule si shule. Kwa sababu hiyo tangazo la mwalimu hubandikwa peupe, mchana, kwa gundi ya unga wa ngano, likiahidi kumtoa mtoto kwenye D na kumfikisha A. Jambo ambalo jamaa walioko Tanga hawana budi kulijua, maana linahusu jina la mkoa wao, ni kwamba karatasi inayobandikwa sentimita chache juu ya hiyo huwa ya mganga anayejitambulisha kuwa ametoka Tanga, naye huahidi mapenzi, kesi, ploti zenye mgogoro na, mwishoni kabisa, kupasi mitihani. Matangazo hayo mawili hutumia herufi za aina moja, hudai malipo kwa M-Pesa, na baada ya mvua moja huchuruzika wino hata namba ya mmoja ikasomeka kama mwendelezo wa namba ya mwingine. Familia inayohusika, ambayo asili yake haifichiki mara tu mama anapofungua kinywa, imewahi kuulizwa na jirani wa mtaa wa Milimani, bila kejeli hata kidogo, ni kwa nini inahangaika na walimu ilhali ina ndugu kwenye chanzo.

Walimu waliopatikana kwa njia ya nguzo, kwa njia ya mlinzi wa geti ambaye hudai kamisheni, na kwa njia ya matangazo ya kanisani baada ya ibada ya pili, walikuwa na sifa moja ya pamoja: kila mmoja alikuwa mtahini wa KNEC. Mtahini ni mwalimu anayeitwa na Baraza kusahihisha karatasi za taifa, kazi ya watu wachache wenye mafunzo maalumu, na mtafiti yeyote angeshangaa kukuta kwamba karibu wote wamejenga humohumo Kitengela, kati ya Yukos na Noonkopir. Ada ya aliyependekezwa zaidi ilikuwa shilingi elfu moja kwa saa, kiasi ambacho bibi, akikigeuza kuwa shilingi za Tanzania, hupata takriban elfu ishirini, kisha huuliza kama saa hiyo ina chakula ndani yake.

Mwalimu huyo alifika wakati wa masika. Udongo wa Kitengela ni mfinyanzi mweusi ambao, ukilowa, huacha kuwa ardhi na kuwa mzigo wa miguuni, na mwalimu aliyeshuka kwenye boda mita mia tatu kabla ya geti aliingia na viatu vyenye uzito wa kilo kadhaa, akatumia robo ya kwanza ya saa yake kuvikwangua kwa kijiti na robo ya pili kunywa chai, kwa kuwa nyumba ya watu wa Tanga haimfundishi mtu kabla ya kumpa chai. Zilizobaki alizitumia kusoma kwa sauti mwongozo wa kusahihisha, ambao ni orodha ya majibu yanayokubalika, huku binti akiyanakili. Binti alipouliza kwa nini jibu ni hilo, aliambiwa kwamba KNEC ndivyo inavyotaka. Mwalimu wa pili alifundisha kwa Zoom hadi stima ikapotea, na hakuna zaidi la kusemwa juu yake.

Aliyefaa hakuwa mwalimu, hakuwa na tangazo, wala hakuwahi kumwona mtahini kwa macho. Ni fundi wa maabara katika kiwanda kimojawapo cha saruji upande wa Athi River, mpangaji wa ploti ya jirani, ambaye kazi yake ya kila zamu ni taitresheni, yaani kupima kiasi cha kitu kilichoyeyuka kwa kukidondoshea kitu kingine cha nguvu inayojulikana, tone baada ya tone, hadi kiashiria kibadili rangi. Alikuja kudai ngazi yake iliyoazimwa, akaona daftari mezani. Binti alikuwa ameandika kwamba sentimita 25 za ujazo za sodiamu kaboneti hutoshelezwa na sentimita 25 za asidi ya haidrokloriki yenye moli zilezile kwa lita, moli ikiwa ni kipimo cha idadi ambacho kimoja chake kina chembe 6.02 × 10²³. Fundi aliweka kidole juu ya mlinganyo.

“Na hii mbili iko mbele ya asidi, umeipeleka wapi?”

Binti hakuwa ameipeleka popote. Alidhani ni pambo. Ndipo ikaelezwa kwamba kila kaboneti moja hubeba asidi mbili, kama boda ya Kitengela inavyobeba abiria wawili, na kwamba jibu ni sentimita 50, na atakayesahau abiria wa pili atapoteza nusu ya nauli katika kila hesabu ya karatasi ya tatu hadi mwaka 2027.

“Mama, magadi iko?”

“Yapo, baba. Keti basi.”

Magadi ambayo mama huyatia kwenye maharage ili yaive upesi hutoka katika kaunti hiyohiyo, katika Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, na ambako treni huyachukua kupitia Kajiado mjini hadi Konza; sehemu kubwa ya mawe yale ni kaboneti ileile iliyomshinda binti kwenye karatasi. Shuleni bureti, ambayo ni mrija mwembamba wenye alama na koki, hushikwa kwa zamu na kundi la wanafunzi, na binti, ambaye ni mpole, alikuwa hajaifungua koki hiyo hata mara moja. Mjomba anaombwa aipime kauli hiyo kabla ya kurudi kwenye suala la akili za kurithi. Sebuleni bureti ilikuwa bomba la sindano la duka la dawa, asidi ilikuwa siki ya kachumbari, na kiashiria kilikuwa maji ya rozela iliyokaushwa, ile ambayo shangazi aliifunga kwenye gazeti mwaka jana. Juu ya magadi, wekundu wa rozela uligeuka kijani. Siki ilipodondoshwa povu lilipanda, nalo ni hewa ya ukaa ikitoka, na wekundu ukarudi. Binti alirudia mpaka siki ikaisha. Hesabu zake hazikulingana na za kitabu, na fundi alionyesha furaha isiyo ya kawaida, akieleza kwamba magadi ghafi yana pia haidrojenikaboneti, na kwamba hilo ni somo la Jumamosi. Malipo yake, kwa makubaliano, ni chakula cha jioni na kurudishiwa ngazi.

Kinachohitajika sasa kutoka nyumbani ni rozela, kilo moja au zaidi, itumwe kwa basi la Arusha na kupokewa Namanga. Iwe maua makavu matupu. Unga wa pakiti wenye sukari na rangi ya dukani umekwisha kujaribiwa, na ulibaki mwekundu mbele ya kila kitu, magadi kwa siki.