Gwiji wa Tofali Atoa Somo Bila Kuombwa

Cheti hana, ila koti analo, la suti, lenye kalamu tatu mfukoni. Akilivaa, hata jua la saa nane mchana la Dodoma halimvui. Akisimama kando ya tanuri la tofali nje ya mji, vijana wanaofyatua wanajua kazi ya siku hiyo imekwisha na hotuba imeanza. "Mbukwenyi!" anasalimu kwa Kigogo, wala hangoji kuitikiwa. Magwiji wa namna hii wamejaa makao makuu ya nchi tangu viwanja vilipopanda bei. Huyu ni mfano wao tu, asitafutwe kwa jina.

Somo lake huanzia mbali, Bonde la Mto Indus. Miaka kama 4,500 iliyopita, anasema huku kidole kikielekea mbinguni, watu wa Mohenjo-daro, Pakistan ya leo, walichoma tofali za kipimo kimoja: upana mara mbili ya kimo, urefu mara nne. Hapo hakosei. Uwiano huo wa 1:2:4 umekutwa mji baada ya mji. Tena tofali zile zilikuwa ngumu hata karne ya 19, wajenzi wa reli ya Lahore na Multan walipozibeba kutoka magofu ya Harappa na kuzimwaga chini ya mataruma badala ya kokoto.

"Treni, ndugu zangu, ikapita juu ya ustaarabu!" Anasita kidogo apigiwe makofi. Mbuzi mmoja anaitikia.

Kisha anaugeukia Ugogo, nchi ya Wagogo ya huku Dodoma, na hapo ndipo somo linapochacha. "Na nyie, babu zenu walijenga nini? Tembe! Tope juu ya fito!" Vijana wanainamisha vichwa. Si kwa aibu. Wanamtazama siafu anayepanda kiatu cha gwiji.

Tembe haikuwa kibanda. Ilikuwa nyumba ndefu, ya chini, iliyozunguka ua ambamo ng'ombe walilala salama. Kuta zake zilikuwa miti iliyokandikwa udongo, na paa la bapa la fito na matawi lilibeba udongo mzito juu yake. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita Ugogo mwaka 1857 alizikuta, akaziandika. Upepo wa huku, unaong'oa bati kila mwaka, haupati pa kulishika paa kama hilo, na joto la mchana hukawia kupenya. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 tu kwa mwaka, nayo hunyesha msimu mmoja, ndiyo maana udongo ulitosha kuezekea. Paa hilo hilo lingejengwa Bukoba kwenye mvua nyingi lingeshuka mezani. Mjenzi wa tembe alijua anajenga wapi, jambo ambalo gwiji bado hajaliwekea kichwa cha somo.

Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, na tofali ikawa kipimo cha nyumba bora. Mwalimu Nyerere mwenyewe alishika udongo Chamwino, akafyatua pamoja na wanakijiji. Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Mwaka 1977, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu aliwasuta Watanzania kwa kulewa saruji na bati ilhali udongo wameukalia. Gwiji hulitaja jambo hilo kwa machozi. Nyumba yake ni ya bloku za saruji, imepigwa plasta ndani na nje.

Tanuri halimsikilizi. Tofali mbichi zimepangwa juu hadi kupita kimo cha mtu, chini kumeachwa midomo ya kutia kuni, na nje pamekandikwa tope moto usitoroke. Zilizo karibu na moto hutoka nyeusi, zimepinda. Za katikati huiva nyekundu. Za pembeni hupauka, na mvua ya kwanza huzirudisha shambani.

Kijana anayesukuma gogo mdomoni mwa tanuri anauliza kwa adabu: "Mzee, hao wa Indus, kuni walizitoa wapi?"

Swali hilo ni zito kuliko hotuba nzima. Ardhi ya mkoa huu ilikwisha kumomonyoka kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Miti ya nchi kavu haioti kwa kasi ya tanuri. "Swali zuri sana," anajibu gwiji. "Litajibiwa kwa maandishi."

Majibu yapo. Kule Kerala, India, msanifu majengo Laurie Baker alizisimamisha tofali kwa ubavu na kuacha uwazi ndani ya ukuta, akapunguza karibu robo ya tofali, na nyumba ikawa na ubaridi. Hapa nyumbani, NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba, umefundisha tofali za kufungamana: udongo, saruji kidogo, mashine ya kushindilia, basi, hakuna kuni. Gwiji anazikataa. "Tofali isiyopita motoni," anasema, "ni kama msomi asiyepita chuoni." Kicheko kinachofuata anakidhania ni heshima.

Unayejenga Mtumba, Nala au Ihumwa, mwache aendelee. Wewe chukua tofali mbili uzigonganishe: zikilia kama chuma, lipa, zikitoa sauti iliyofifia, mwambie muuzaji akupe za katikati ya tanuri.