Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: majiko tumeyashusha, tunaomba na ada itazamwe

Mheshimiwa Kamishna wa Bima,

Naomba uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Adabu ingekuwa kupiga hodi ofisini kwako Dodoma na kusubiri zamu yangu kwenye benchi. Lakini neno ninalolileta si langu peke yangu. Ni la watu wote wanaoishi ghorofani, dari ya huyu ikiwa sakafu ya yule, na nimeona vyema walisikie nao, ili nikikosea wanirekebishe mbele yako.

Mimi ni katibu wa chama cha wamiliki katika jengo moja la ghorofa tisa hapa Upanga, Dar es Salaam. Tuko nyumba 36. Kila mmoja ana hati ya sehemu yake, lakini paa, ngazi, lifti, tangi la maji na uwanja wa nyuma ni vyetu sote. Bima ya moto nayo ni ya pamoja: chama kinakata bima moja ya jengo zima, na kila nyumba inachangia kupitia ada ya huduma. Ndiyo maana jiko la mtu mmoja ni jambo la watu 36.

Kwa ruhusa yako, Mheshimiwa, naomba nikueleze tulivyokuwa. Jumamosi jioni karibu kila roshani ilikuwa na jiko. Huyu anachoma mishkaki, yule kuku, na Idi Kubwa nyama ya kuchinja ilipogawiwa, harufu ilipanda kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya tisa, watoto wakawa wanajua ni nyumba ipi ya kugonga. Mzee mmoja wa ghorofa ya saba, aliyekulia pwani ya kusini, alikuwa akichoma changu kwa chumvi na ndimu tu, na sahani moja ilikuwa lazima ishuke kwa mlinzi getini. Sikulelewa kudharau mambo hayo. Undugu wetu ghorofani, kwa sehemu kubwa, umejengwa na sahani zile.

Kisha ikaja jioni moja ya mwezi wa saba. Unaifahamu kusi inavyovuma Dar es Salaam mwezi huo. Mtu wa ghorofa ya tano alipepea jiko lake, upepo ukachukua cheche, zikashuka ghorofa mbili chini na kutua kwenye nguo zilizoanikwa. Shuka ikashika moto, moto ukashika pazia. Pembeni ya pazia, palepale roshani, palikuwa na mtungi wa gesi wa kilo 15, kwa sababu jikoni hakuna nafasi. Binti wa kazi wa nyumba ile, Mungu ambariki, alivuta pazia chini na kulimwagia ndoo ya maji ya kufulia. Tulipopata akili ya kupiga 114 moto ulikuwa umeshazimika. Hakuumia mtu. Mimi nilikuwa ngazini na ndoo yangu mkononi, na mpaka leo nikiuona ule mtungi moyo unanienda mbio.

Baada ya wiki chache mkaguzi aliyetumwa na kampuni yetu ya bima alikuja kulitazama jengo, kwa kuwa muda wa kuhuisha ulikuwa umekaribia. Alikuwa kijana mwenye heshima na anayeijua kazi yake. Alituonyesha tusiyoyaona: mapazia, nguo, viti vya plastiki, mashine za viyoyozi zilizofungwa ukutani, mitungi ya gesi, vyote vimekaa hatua moja kutoka kwenye makaa. Alituambia pia kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, inatambaa chini na kutafuta moto ulipo. Na majivu, alisema, yanaweza kuonekana yamekufa na ndani yake makaa yakabaki hai kwa saa nyingi, ukayatupa kwenye ndoo ya plastiki ukaenda kulala. Akapendekeza majiko yote ya mkaa yaondolewe kwenye roshani. Akasema, na haya tuliyasikia wengi, kwamba hatua hiyo "itasaidia upande wa ada".

Mheshimiwa, ni mimi niliyesimama kwenye mkutano mkuu kutoa hoja ya kupiga marufuku. Sijutii. Ningesimama tena leo. Lakini naomba nikiri kwamba haikuwa rahisi. Yule mzee wa ghorofa ya saba alininyamazia kitambo, kisha akauliza, "Mwanangu, nikachomee wapi?" Sikuwa na jibu. Mkutano ulipitisha kwa kura, majiko yakashushwa na kufungiwa stoo, na mwezi uliofuata tukapeleka kwa dalali wetu wa bima nakala ya azimio pamoja na picha za roshani zikiwa tupu.

Bima ilipohuishwa, ada ilikuwa ileile. Haikupungua hata shilingi. Kilichobadilika ni hati ya bima yenyewe: sasa ina sharti jipya linalosema hakuna moto wa wazi utakaowashwa katika sehemu yoyote ya jengo, na kwamba sharti hilo likivunjwa kampuni inaweza kukataa dai. Siitaji kampuni hiyo, wala sikuandikii kuishitaki. Huenda wana hesabu zao ambazo sisi hatukuelezwa. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye unayesimama kati ya mwenye kampuni na mwenye nyumba, na kwa unyenyekevu naamini kuna mambo mawili hapa ambayo sheria za chama chetu haziwezi kuyagusa ila mkono wako.

La kwanza ni ada. Tuchukue mfano, si hesabu ya jengo letu. Jengo la thamani ya shilingi bilioni 6 likikatiwa bima kwa asilimia 0.15 kwa mwaka, ada ni shilingi milioni 9. Ukigawa kwa nyumba 36, kila moja inalipa 250,000. Ada ikipungua kwa asilimia 10 tu, kila nyumba inaokoa 25,000 kwa mwaka. Ni fedha ndogo, na sitadai kwamba maisha ya mtu yatabadilika kwa hizo. Lakini kwa chama ni shilingi 900,000 kwa pamoja, na fedha hizo zinaweza kununua mitungi ya kuzimia moto na kuanza ujenzi wa jiko la matofali uani. Kilicho kikubwa zaidi, Mheshimiwa, ni kwamba mtu aliyeambiwa aache kitu anachokipenda ili ada ishuke, akaacha, na ada isishuke, mwaka ujao hatamsikiliza katibu wala mkaguzi. Nimeshaanza kuliona hilo kwenye nyuso za majirani.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Wewe unajua kuliko mimi tofauti ya ushauri na sharti. Mkaguzi alitushauri, na ushauri ule ulikuwa wa kuokoa maisha. Hati imeugeuza kuwa sharti, na sharti katika bima ya pamoja linamfunga hata asiyekuwepo. Tuseme mpangaji wa ghorofa ya pili, aliyehamia juzi na hajui Kiswahili wala kanuni zetu, anawasha jiko Jumapili. Usiku uleule nyaya za umeme zinapiga shoti ghorofa ya nane na nyumba nne zinateketea. Je, wale wa ghorofa ya nane wataambiwa dai lao limekufa kwa sababu ya mishkaki ya ghorofa ya pili, iliyokwisha kuliwa na makaa kuzimwa? Nilimuuliza dalali wetu. Alinijibu kwa uungwana kwamba inategemea kampuni itakavyolisoma sharti siku hiyo. Mheshimiwa, mjane wa ghorofa ya nane ameweka humo mafao yake yote ya uzeeni. Hawezi kungoja siku hiyo ndipo ajue maana ya sentensi aliyoilipia.

Naomba nisieleweke kwamba natetea majiko yarudi juu. Hapana. Kanuni za moto zinazofuatwa katika miji mingi ya Marekani zinakataza jiko la mkaa kuwashwa kwenye roshani inayoweza kuungua, au ndani ya mita 3 kutoka ukuta unaoweza kuungua, katika nyumba zinazokaliwa na familia nyingi. Zinalegeza pale jengo lenye roshani zake lina mfumo wa kumwaga maji wenyewe moto unapotokea, na majengo yenye mfumo huo kwetu ni ya kuhesabu. Sisi tuna nguo, mapazia, mitungi na upepo wa bahari. Kushusha majiko ni haki kabisa.

Ila kuyashusha bila kuonyesha pa kuyaweka kumezaa hatari nyingine, na hili nalisema nikiwa na aibu, maana azimio nililiandika mimi. Mwezi uliopita niligundua kwamba nyumba mbili zimeingiza jiko la mkaa jikoni, madirisha yakafungwa ili moshi usionekane nje. Jiko kwenye roshani lilitishia pazia. Jiko ndani ya chumba kilichofungwa linatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Niliwagongea, tukazungumza hadi usiku, wakakubali. Lakini siwezi kugonga kila mlango kila Jumamosi.

Singapore, ambako karibu watu wanane kati ya kumi wanaishi katika nyumba za ghorofa za umma, wameliona hili zamani. Mtu hachomi nyama kwenye ujia wa ghorofa yake. Anakodi sehemu ya kuchomea iliyojengwa chini, karibu na majengo au katika bustani za umma kama ile ya East Coast, anachoma, anazima, anaondoka. Moto umepewa makazi yake, na watu hawakulazimika kuuficha. Sisi tuna uwanja wa nyuma wenye mwembe mmoja na nafasi ya magari manne. Kwa kukubaliana tumetenga kona mbali na mwembe, mbali na magari, mbali na ukuta wa jenereta. Fundi ameshapima: jiko la matofali, bomba la maji pembeni, pipa la chuma la majivu lenye mfuniko. Kinachotuzuia ni sentensi ileile ya kwenye hati, kwa kuwa inasema "sehemu yoyote ya jengo", na dalali hana uhakika kama ua umo.

Basi, Mheshimiwa Kamishna, kwa heshima zote naomba haya. Uziombe kampuni, kabla ya kuwataka wakazi wabadilishe namna wanavyoishi, ziandike kwenye karatasi hatua hiyo ina thamani gani katika ada. Na kama haina thamani yoyote ziseme hivyo, nasi tutaifanya kwa ajili ya watoto wetu bila kungoja punguzo. Uelekeze kwamba katika majengo yenye wamiliki wengi, kosa la mmoja lisiue dai la mwingine isipokuwa kosa hilo ndilo lililoleta moto. Na hati ya bima ya pamoja ipatikane kwa Kiswahili, ibandikwe pale kwenye ubao wa matangazo karibu na lifti, ili hata msichana wa kazi na mlinzi waisome. Wao ndio wanaokuwepo nyumbani moto unapoanza; aliyezima ule wa kwetu alikuwa msichana wa miaka 19.

Najua mikononi mwako una mambo mazito zaidi. Baada ya Soko la Kariakoo kuungua Julai 2021, nchi ilifika mahali pa kuweka bima ya lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara, na kazi ya kulisimamia hilo si ndogo. Najua pia Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na huenda siku moja mkaa wenyewe ukawa historia ghorofani. Nitaifurahia siku hiyo. Lakini bima yetu inaisha Septemba, na majirani wangu watakaa kwenye mkutano kabla ya hapo kuamua kama tuijenge ile kona au tuache.

Mkutano ni Jumapili ya mwisho ya Agosti, saa kumi alasiri, hapahapa uani. Ingekuwa heshima kubwa kwetu kama ungemtuma hata ofisa mmoja kutoka ofisi yenu ya hapa Dar es Salaam aje atusomee sentensi ile na kutuambia inamaanisha nini. Tutamwandalia kiti kivulini. Mzee wa ghorofa ya saba ameahidi changu, na kama ruhusa haijapatikana hadi siku hiyo, ameahidi kuwakaanga.



Wako mtiifu,
Katibu wa chama cha wamiliki,
Upanga, Dar es Salaam