Tela la Futi 40 Sebuleni

Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19. Ligawanye kwa 24, upate karibu sentimita 51. Tanguliza mbele yake kichwa cha Scania, acha nafasi ya viwiko vya fundi, panga pembeni visu, tupa, rula ya chuma, gundi na chupa ya thina, na meza ya kulia ya watu sita imekwisha. Sisi tulihamia mkekani. Mume wangu aliahidi kwamba meza ingerudi kazini kabla ya Idi, na watoto wakaomba dua isirudi.

Tunaishi Kampala, kwenye mteremko wa Kibuli, chini ya msikiti, pamoja na baba mkwe wangu. Mzee alimaliza umri wake wa kazi barabarani, Mombasa kwenda Kampala na kurudi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na ni barabara hiyo iliyonileta huku, maana kwetu Changamwe palikuwa jirani na yadi alikolaza gari. Mama mkwe alipofariki, Mzee alihamia kwetu na kimya chake. Alikula, aliswali, alikaa barazani. Ukimuuliza neno alikujibu. Usipomuuliza, kutwa ilipita hivyo hivyo. Ndipo mume wangu akamwomba mdogo wake aliyeko Uingereza amletee boksi la lori la kuunga.

Lilikuwa boksi la Italeri, kampuni ya Italia iliyoanza mwaka 1962. Ndani yake mlikuwa na Scania 143 kwa kipimo cha 1:24, vipande vyake vimeshikana kwenye fremu za plastiki vikisubiri kisu. Mzee alivaa miwani akaitazama picha ya juu ya kifuniko.

"Hili halijafika Malaba," akasema. "Usukani uko upande wa tanboi."

Mume wangu akaenda kutafuta daftari.

Tofauti zikaanza kuandikwa. Lori la boksi lilikuwa la Ulaya: usukani kushoto, ekseli moja tu ya kuvuta nyuma. La Mzee lilikuwa 113, la difu mbili, matairi kumi kwenye kichwa peke yake, lile ambalo Waganda hulitaja kwa miguu yake, magulu kkumi. Kabini ya 113 na ya 143 ni moja, maana ni ndugu wa toleo moja la miaka ya mwisho ya 1980, ila injini haziingiliani: 113 ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, 143 ina V8. Injini Mzee aliisamehe kwa sababu haionekani. Namba hakuisamehe. Tarakimu ya 4 kwenye kona ya grili, ndogo kuliko punje ya mchele, ilibidi ikwanguliwe kwa wembe, na 1 ichorwe badala yake kwa ncha ya sindano ya kushonea, mume wangu akiwa amebana pumzi na mimi nikimshikia tochi ya simu.

Kuhamisha usukani ndiko kulikoingia jikoni kwangu. Dashibodi ilikatwa vipande vitatu ikapinduliwa, na nyufa zikahitaji kujazwa. Mafundi wa magari haya madogo wana mbinu yao: nyunyiza soda ya kuokea keki kwenye ufa, dondoshea gundi ya haraka juu yake, na papo hapo inakuwa ngumu kama jiwe, unaweza kuipiga tupa. Soda yangu ikaondoka kabatini bila kuaga. Siku hiyo hiyo tukajifunza tabia nyingine ya gundi hiyo. Ikikutana na pamba hupata joto la ghafla, linaweza hata kutoa moshi. Tone moja lilianguka kwenye kanzu ya Mzee aliyekuwa ameinamia kuona kazi. Kanzu ilikuwa pamba tupu. Mzee ambaye magoti yalimstaafisha alifika uani kabla yetu sote, na paja likabaki na alama nyekundu ukubwa wa kifungo. Nilimpaka asali. Alipotulia aliuliza kama dashibodi imekaa sawa.

Kisha matairi. Tairi la lori la namna hiyo lina kipenyo cha zaidi kidogo ya mita moja, kwa hiyo kwenye kipimo chetu ni karibu sentimita nne na nusu, na unene ni kama sentimita moja na robo. Pima soli ya kandambili, zile ambazo Kampala nzima inaziita sapatu. Unene ni huo huo. Mume wangu alilijua hilo tangu utotoni Bombo, ambako yeye na wenzake waliunda magari ya waya na makopo, na mengine ya mashina ya migomba, wakiyaendesha kwa usukani mrefu wa waya huku wakikimbia nyuma yake. Kwetu pwani ndugu zangu walitumia mabua na makopo ya maziwa, lakini magurudumu yalikuwa yale yale ya kandambili. Sijui mtoto wa Afrika Mashariki aliyefundishwa hili darasani, na wote wanalijua.

Kazi inafanywa hivi: unachukua kipande cha bomba la chuma, unakinoa mdomo, unakipigilia kwa nyundo kwenye soli iliyolazwa juu ya gogo, unatoa duara safi. Kwa kuwa matundu ya kamba yanakula nafasi, soli moja hutoa matairi matano ya kuaminika. Sasa hesabu: kichwa matairi 10, tela la ekseli tatu matairi 12, na la akiba moja, maana Mzee alisema hakuna dereva mwenye akili aondokaye Mombasa bila akiba. Jumla 23. Pea mbili kuukuu za nyumbani zilitoa 20. Matatu yaliyobaki yalitoka kwenye sapatu ya kulia iliyokuwa mlangoni usiku ule.

Ilikuwa ya Ssenga.

Msomaji wa mbali na Buganda ajue kwamba ssenga ni dada wa baba, na kwamba neno lake nyumbani halina rufaa. Huyu wetu ni dada yake Mzee, na alikuwa amekuja kwa sababu ya kwanjula ya binti wa ukoo, sherehe ya utambulisho wa mchumba ambayo bila ssenga haifanyiki. Aliamka alfajiri kutia udhu, akapapasa mlangoni, akapata sapatu ya kushoto tu. Aliita jina la kaka yake, si la mume wangu, na mimi kutoka chumbani nilimsikia Mzee akieleza kwa Kiganda, kwa kirefu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba, kwa nini ekseli ya tatu haiwezi kubaki bila tairi. Nilimpa Ssenga viatu vyangu. Vilimbana.

Ningetaka jambo hili lieleweke vizuri. Watu hudhani kazi hii ni ya kufuata karatasi ya maelekezo, na kwamba aliye na boksi zuri ana gari zuri. Wajapani wa Tamiya, pale Shizuoka, Wataliano na Wajerumani wanajua kazi yao, na plastiki yao inakaa kwa usahihi wa kushangaza. Lakini wameunda barabara wanazozijua wao. Kibati cha kontena kilichokunjwa na kreni bandarini, kamba za turubai, sanduku la chini ya tela lenye jiko la mkaa na sufuria moja nyeusi, jerikeni ya njano ya maji iliyofungwa kwa mpira wa tyubu, mawe mawili ya kuzuia tairi mlimani: hayo hayamo katika boksi lolote duniani. Yamo kichwani mwa aliyeishi nayo, na yanatoka kwa kuulizwa. Mume wangu aliuliza. Mzee akasimulia mizani ya Mariakani, mteremko wa Mai Mahiu, foleni ya Malaba ambapo madereva walipikiana ugali kwa zamu. Alisimulia jinsi alivyouvuka Nile pale Jinja miaka yote juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, na jinsi daraja jipya la nyaya lilipofunguliwa 2018 yeye alilipita akiwa abiria, kiti cha nyuma, bila cha kushika mkononi.

Rangi ilikuwa nyekundu, imechanganywa kwa jicho na mpuliziaji wa gereji moja karibu na Kisekka, kwenye soko la vipuri. Ulikuwa mwezi wa Aprili, mvua za Kampala hazina adabu. Safari ya kwanza kabini ilikauka ikiwa na utando mweupe. Thina inapokimbia haraka huupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewani hutua hapo hapo. Dawa yake ni thina ya taratibu na saa za jua kali. Kwa hiyo mume wangu alingoja adhuhuri yenye jua, akaipeleka kabini uani, akaipuliza vizuri kabisa. Rangi ya pili ilitoka safi, inang'aa.

Uani pia palikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba gomesi ya Ssenga, vazi lake la kwanjula, rangi ya maziwa, imeanikwa ipigwe hewa.

Vumbi la rangi lililokaukia hewani lilipukutika kwa brashi laini. Lakini bega la kushoto na sehemu ya mkono vilikuwa karibu zaidi, na huko matone yalitua yakiwa mabichi. Mume wangu alikuja mbio na kitambaa cha thina. Nilimshika mkono. Nilikata uzi mmoja ndani ya pindo, nikauchovya: ukajikunja, ukalainika, ukashikana na kidole changu. Vitambaa vingine vya kung'aa huyeyuka kwenye thina, na bega zima lingetoboka mbele ya macho yetu. Siku ya kwanjula ilikuwa keshokutwa.

Nilikwenda kwa fundi cherehani wa njia ya chini, mama asiyependa maneno mengi. Aliitazama gomesi, akalitazama bega, akatoa bunda la utepe wa dhahabu. Usiku ule alishona utepe kwenye ncha za mabega yote mawili na kushuka nao mikononi, kila doa jekundu likafunikwa. Mimi niliketi karibu naye nikimwelekezea taa hadi mwisho. Asubuhi tulimweleza Ssenga kila kitu, kwa sababu angeona tu. Aliivaa, akageuka kushoto na kulia, akafunga mshipi wake. Sherehe ilipokwisha akina mama wawili walikuwa wameshamwomba namba ya fundi.

Aliporudi hakwenda kulala. Aliketi mezani kwa mara ya kwanza, na gomesi yake, akalizunguka lori kwa macho.

"Nazi ziko wapi?" akauliza.

Kila safari Mzee alishusha gunia la nazi nyumbani kabla hajaenda kukabidhi mzigo. Ssenga alikuwa na hakika kwamba gunia lilifungwa nje, nyuma ya kabini. Mzee akasema haiwezekani, lingeibwa Busia. Lilikaa kitandani nyuma ya kiti. Walibishana kupitia chai na kupitia isha, hadi mume wangu akampigia simu tanboi wa zamani, mkulima Iganga sasa, akaweka sauti juu.

"Wote wamekosea," tanboi akasema. "Lilikuwa miguuni pangu. Miaka yote hiyo sikuwahi kunyoosha miguu."

Mzee alicheka mpaka akashika kifua. Kabini lakini ilikuwa imeshafungwa paa kwa gundi ya haraka, na asetoni inayolegeza gundi ile huila plastiki pia. Iko njia nyingine: baridi kali huifanya gundi iwe rahisi kuvunjika. Kwa hiyo Scania ililala kwenye friza yangu kati ya samaki na nyama ya Idi, na asubuhi paa likabanduka kwa mlio mmoja, bila ufa.

Nazi iliyofuliwa, kwa kipimo chetu, ni kama milimita tano. Nilizijaribu mbegu zote za jikoni, na pilipili manga ndiyo iliyokubali, kahawia na yenye mikunjo. Gunia nilishona mwenyewe kwa kitambaa cha kiroba. Nilipolijaza nusu Mzee alichungulia, akasema gunia lile halikuwahi kufika nyumbani nusu. Nikamimina pilipili manga yote iliyokuwa ndani ya kopo.