Barua ya Wazi kwa Baraza la Malodi, London

Waheshimiwa Malodi,

YAH: VYEO VYA KURITHI

Ukabaila wa Kiingereza una ngazi tano: duki, markwisi, eli, vaikaunti na baroni. Duki ni neno lenye asili ya Kilatini, maana yake kiongozi wa jeshi. Mwingereza wa kwanza kupewa cheo hicho, mwaka 1337, alikuwa mtoto wa Mfalme Edward wa Tatu. Kiongozi huyo wa jeshi alikuwa na umri wa miaka 6, meno ya utotoni yakiwa bado kinywani.

Ngazi hizo husomeka mabegani. Kwa desturi, siku ya kutawazwa mfalme joho la baroni huwa na mistari 2 ya manyoya, la duki 4, na la vaikaunti 2 na nusu. Nusu hiyo isidharauliwe: bila yake vaikaunti angedhaniwa baroni.

Damu ya kiungwana iliwahi pia kuwa na bei. Mwaka 1611 Mfalme James wa Kwanza alianzisha cheo cha baroneti, ambacho hurithiwa ingawa hakimpi mtu kiti barazani. Bei yake ilikuwa pauni 1,095, gharama ya kuwaweka askari 30 huko Ulster kwa miaka 3. Babu alilipa, na wajukuu hawakudaiwa stakabadhi. Karne tatu baadaye, chini ya Waziri Mkuu Lloyd George, biashara ya vyeo ilikithiri hata ikatungwa sheria ya kuizuia, mwaka 1925.

Waswahili nao walikuwa na mamwinyi wao. Zamani umwinyi ulikuwa heshima ya wenye mji. Leo ni lawama kwa anayekula bila kutoka jasho. Huko Tanganyika, Waingereza waliona nasaba inafaa sana kwa kutawalia watu, wakawatumia machifu. Mwaka 1963 serikali ya Nyerere, mwenyewe mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, iliwavua machifu wote madaraka kwa mpigo. Mwaka huohuo London ilipitisha sheria iliyomruhusu lodi kuukana urithi wake. Tony Benn, aliyepoteza ubunge kwa kosa la kufiwa na baba lodi, ndiye aliyetangulia kujivua.

Mwaka 1999 malodi wengi wa kurithi walitolewa barazani, wakabakizwa 92, na nafasi ya aliyefariki miongoni mwao ikawa inajazwa kwa uchaguzi mdogo. Hivyo ndivyo ukoo ulivyokutana na demokrasia. Mwaka 2016, nafasi moja iligombewa na watu 7 mbele ya wapiga kura 3. Kura zote zilikwenda kwa Vaikaunti Thurso, mmoja wa waliotolewa mwaka 1999. Waliojitokeza walikuwa asilimia 100, na mshindi akapata asilimia 100. Matokeo ambayo yakitangazwa Afrika Mashariki, waangalizi kutoka Ulaya huanza kuandika ripoti.

Wasalaam.