Barua kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi: Tafadhali Usiondoke

Kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Popote msafara wako ulipofika.



Sisi wazazi wa skuli moja hapa Pemba, ambayo jina lake hatulitaji kwa kumhurumia mwalimu mkuu, tunakushukuru kwa ziara yako. Huenda umeshasahau ilikuwa skuli gani. Ni ile uliyopokewa kwa dufu na watoto waliovaa soksi. Tunashukuru kwa hotuba na kwa picha ya pamoja. Lakini zaidi ya yote tunashukuru kwa ile dakika uliyomnong'oneza msaidizi wako, msaidizi akamnong'oneza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akatia mkono mfukoni akatoa ufunguo.

Uliingia, ukatoka, ukaendelea na ratiba. Watoto waliopangwa mistarini juani wakausahau wimbo waliofundishwa wiki nzima, macho yote mlangoni. Wapo wa darasa la sita ambao hawajapata kuuona mlango ule ukiwa wazi.

Choo cha wageni huna haja ya kuelezwa. Kina vigae, kina maji, kina sabuni na kina kufuli. Cha watoto kiko nyuma ya jengo. Ratiba yako haikufika huko kwa sababu muda ulikuwa mdogo, na sisi tulikupitisha upande wenye maua. Lina matundu machache jengo lile, na skuli yetu ina mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana. Tundu moja limejaa, jengine halina mlango, kwa hiyo msichana huingia na mwenzake husimama nje kashika khanga. Wavulana wao wana mikarafuu. Wageni husema Pemba inanukia karafuu, na sisi huitikia kwamba ndivyo, inategemea upepo unatoka wapi.

Tuje kwenye ule Mpango wa Afya, Usalama na Ulinzi uliotukabidhi. Tumeusoma. Una kurasa nyingi kuliko matundu yetu ya choo na matundu ya paa letu ukiyajumlisha. Una ramani yenye mishale inayowaelekeza watoto watoke kwa mlango wa pili wa darasa. Mlango wa pili tumeutafuta pamoja na fundi, tukaishia kuupaka alama ya chaki ukutani, pale utakapokuwa. Eneo la kukutania wakati wa hatari ni chini ya mwembe, na hapo tunakupongeza, maana watoto wameshafika: darasa la tatu linasomea hapohapo.

Humo humo umeandikwa umuhimu wa kunawa mikono kwa maji yanayotiririka. Kisiwa hiki kimefundishwa kunawa mikono na kila aliyepanda boti kuja kwetu. Watafiti wamekuwa wakipima vinyesi vya watoto wetu tangu miaka ya 1990, wakakuta karibu kila mmoja ana minyoo, na yaliyogunduliwa kwa watoto wa Pemba yamesaidia kuwatibu watoto wa nchi nyingi. Tangu mwaka 2000 tuna maabara nzima ya afya ya jamii pale Wawi, Ivo de Carneri, inayojulikana mbali. Safura yetu ina digrii, Mheshimiwa, na kichocho chetu kimeshasafiri kwenye makongamano. Vidonge huja, watoto humeza kwa foleni, halafu kengele ya mapumziko hulia na wanarudi kulekule mikarafuuni pekupeku kuokota minyoo mipya.

Sasa ombi letu. Hatuombi choo. Choo tumeshakiomba mpaka karatasi ya maombi imekuwa na mvi. Tunaomba mgeni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi tumelithibitisha hilo kisayansi. Kila msafara wako unapotangazwa, skuli hupona. Bomba lililokauka tangu vuli hutoa maji, na yasipotoka, wanafunzi huyaleta kwa ndoo kichwani kutoka kisimani na kuyajaza kwenye tangi kwa nyuma ili yatoke kwa mbele. Shimo la uwanjani hufukiwa. Waya ulioning'inia juu ya ubao hupata tepu. Sanduku la huduma ya kwanza hufika kwa bodaboda kutoka skuli ya jirani, likiwa bado na bendeji zilezile ulizokagua kwao asubuhi. Na choo hufunguliwa. Ukiondoka, yote hayo hukusindikiza.

Kwa hiyo tunaomba Mgeni Rasmi wa Kudumu, akae hapa skuli, kutwa, tangu kengele ya kwanza ya mkondo wa asubuhi hadi ya mwisho ya mkondo wa mchana. Si lazima uwe wewe. Mstaafu yeyote mwenye suti anatosha, mradi awe na sura ya mtu anayeweza kuandika ripoti. Tutampa kiti cha mapambo chenye kitambaa cheupe, meza ndogo, maua ya plastiki na kibao cha jina. Hatutamchosha kwa risala. Kazi yake itakuwa moja: kutaka kwenda haja.

Na hilo tumelipangia bajeti. Saa mbili kamili atapewa chai ya maziwa, vikombe viwili, kwa mkate wa ajemi. Saa tatu, dafu. Saa nne, kabla ya mapumziko ya watoto, dafu jengine, na hapo kamati inategemea atanong'ona. Mwalimu mkuu atatoa ufunguo. Mgeni ataingia, na akitoka, kwa uungwana alionao, atauwacha mlango wazi. Watoto wataingia nyuma yake kwa mistari, wasichana kwanza. Mchana atakula wali kwa pweza wa nazi, na wapishi wameagizwa wazidishe chumvi kidogo ili aombe maji. Mkondo wa pili utahudumiwa kwa juisi ya ukwaju. Mwezi wa Ramadhani ulitutia mashakani, kwa kuwa Mgeni atakuwa amefunga, lakini mzee mmoja wa kamati amekumbusha kwamba mtu huhitaji kutawadha kwa ajili ya Adhuhuri. Kwa hiyo hata Ramadhani mlango utafunguka walau mara moja, na ujira wake uko kwa Mungu.

Akiugua, tutaomba naibu. Akihamishwa, tunaomba atuachie koti lake. Tutalivika kwenye kiti na kuliwekea dafu mbele, na tuna yakini kwamba kwa miezi miwili ya mwanzo hakuna atakayethubutu kulifungia choo.

Maombi mengine ni madogo. Mtungi wa kuzimia moto uhamishwe kutoka ofisini, ambako umefungwa pamoja na rejista za mahudhurio. Nondo za madirisha ya dakhalia ziwe za kufunguka kwa ndani. Septemba 2020 watoto 10 waliteketea bwenini kule Kyerwa, mkoani Kagera. Semina ijayo ya usalama, posho zake zigeuzwe saruji.

Tunajua utasema mambo huenda kwa awamu. Tumeziona ghorofa za skuli zinazojengwa siku hizi, Alhamdulillahi, zina vyoo na zina ngazi, na wanaosoma humo ni wanetu pia. Sisi ni wa upande wa pili wa barabara. Na tunajua kwamba kule Bara mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hatukusudii kuleta hesabu za Bara. Tunasema tu kwamba mtoto wa kike akivunja ungo hapa kwetu, mwalimu wa kike humwita pembeni na kumwambia, kwa huruma kabisa, kwamba siku zile abaki nyumbani. Kila mwezi. Halafu matokeo ya mtihani yakitoka mnakuja, mnapanda jukwaani, mnatuuliza sisi wazazi kwa nini wasichana wanashuka. Mnatuuliza mkiwa mmetoka kunawa kwa sabuni yetu, mkiwa mmekaa hatua arubaini kutoka kwenye jibu, na ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu aliyekaa kulia kwenu!

Na msituletee neno mpango. Watu wa kisiwa hiki tumeshazika kwa sababu ya karatasi zilizokuwa sawa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikija Pemba, imebeba watu kupita uwezo wake. Idadi inayoruhusiwa ilikuwa imeandikwa, vizuri tu. Wapo watoto waliokuwamo.

Utuwie radhi, Mheshimiwa. Chai yako inapoa, na bado hatujazungumzia makazi yako.

Nyumba ipo, karibu na skuli, ina umeme siku nyingi za wiki. Choo chake ni cha shimo, kama vyetu sote, ila kwa haja za mchana utakuwa na kile cha vigae. Tunangojea jibu kabla ya masika. Ukiona uzito kukubali, tunakuomba walau uje mara moja ulitazame koti litakapowekwa. Usiwe na wasiwasi wa kurudi Unguja: mjumbe wetu mmoja ana shemeji yake bandarini Mkoani, naye ameshatuahidi kwamba siku hiyo, hata bahari ikiwa shwari kama bakuli la maziwa, utaambiwa kusi ni kali na boti haliondoki.

Wako watiifu,
Wazazi na kamati ya skuli
Pemba